Kiarabu cha kila siku kwa msemaji wa Kiswahili: maneno ya kwenda nayo Omani na Ghuba

Anayezungumza Kiswahili haanzi Kiarabu mikono mitupu. Kitabu, kalamu, wakati, bahari, sabuni, samaki, hatari na dawa yote anayo tayari. Kazi yake kubwa ni kuyarudisha maneno haya kwenye matamshi ya Kiarabu, halafu kuyachambua machache yaliyobadilika maana njiani, kwa sababu hayo ndiyo yanayomtia mtu aibu. Mwongozo huu umeandikwa kwa anayekwenda Omani au nchi jirani za Ghuba kufanya kazi, kusoma au kufuata familia.

Kuhusu maandishi: irabu mbili (aa, ii, uu) huvutwa, konsonanti mbili (ll, mm) hukazwa, na alama ' mbele au katikati ya neno mara nyingi ni herufi 'ain (ع).

Hatua ya 1: Jua unajifunza Kiarabu kipi

Kiarabu cha vitabuni, magazetini na kwenye taarifa ya habari huitwa fus-haa. Cha nyumbani na sokoni ni kingine, na hubadilika nchi hadi nchi. Kitabuni "nataka maji" ni uriidu maa'an. Maskati utasikia abgha maay. Kwa "nataka", Omani na Saudia husema abgha, Kuwait na Qatar abi, Imarati abaa. Ukisema uriid wote watakuelewa, ila utasikika kama unasoma hotuba.

Aliyesoma chuoni au madrasani ana faida ya herufi: anasoma hata kama haelewi. Asiirudie kazi hiyo. Aanze na maneno ya mdomoni moja kwa moja, na ayaandike kwa herufi za Kiarabu tangu siku ya kwanza, kwa sababu herufi zetu za Kilatini zinaficha tofauti tutakazoziona sasa hivi.

Jambo jingine la kujua mapema: familia nyingi za Omani zina mizizi Zanzibar na mwambao, na Kiswahili kinazungumzwa majumbani mwao. Ukijibiwa kwa Kiswahili dukani, shukuru, kisha rudi kwenye Kiarabu. Wapo waliokaa huko miaka na hawajui kuomba chumvi.

Hatua ya 2: Tenganisha sauti ambazo Kiswahili kimeziunganisha

Hapa ndipo penye shida, na panastahili wiki nzima kabla ya kukimbilia orodha za maneno. Kiswahili kilipochukua maneno ya Kiarabu kiliziweka sauti kadhaa kwenye kapu moja.

H yetu imebeba sauti tatu. Hesabu, haki na hali zina ح, h inayotoka kooni kwa pumzi kavu: hisaab, haqq, haal. Habari, hatari na hamsini zina خ, kh ya kukwaruza: khabar, khatar, khamsiin. Ya tatu ni ه, h nyepesi kama ya hawa. Ukiangalia neno la Kiswahili pekee huwezi kujua asili yake ni ipi. Lazima ulijifunze neno moja moja.

K yetu imebeba ك na ق. Qalb (قلب) ni moyo, kalb (كلب) ni mbwa. Ukitaka kumsifu mtu kwa moyo mzuri, tofauti hiyo si ndogo. Sehemu nyingi za Ghuba hutamka ق kama g, ndiyo maana kahawa utaisikia gahwa. Miji mingi ya Omani hubaki na q. Kama koo lako linakataa q, tumia g, na utaeleweka Ghuba nzima.

Dh yetu imebeba tatu pia: ya dhahabu (ذ), ya Ramadhani (ض) na ya adhuhuri (ظ). Habari njema ni kwamba wasemaji wengi wa Ghuba wenyewe hutamka ض na ظ sawasawa, kwa hiyo usijitese. S nzito (ص) na t nzito (ط) ndizo za kufanyia mazoezi: tiin (تين) ni tini, tiin nzito (طين) ni udongo.

Urefu wa irabu nao hubadilisha maana. Matar (مطر) ni mvua, mataar (مطار) ni uwanja wa ndege. Ukimwambia dereva matar kwa haraka atachungulia angani kwanza. Jamal ni ngamia, jamaal ni uzuri. Na mkazo wa konsonanti vilevile: hammaam (حمّام) ni bafu au choo, hamaam (حمام) ni njiwa.

Namna ya kufanya mazoezi: andika jozi hizi kwenye karatasi, jirekodi kwa simu ukizisoma, kisha sikiliza kesho yake bila kutazama karatasi. Kama wewe mwenyewe hujui ulitamka lipi, na mwenyeji hatajua.

Hatua ya 3: Rudisha maneno uliyo nayo

Kiswahili hakipendi konsonanti mwishoni mwa neno wala konsonanti zilizobanana, kwa hiyo kiliingiza irabu. Kurudi Kiarabu ni kuziondoa. Kwanza ile ya mwisho: kitabu → kitaab, kalamu → qalam, samaki → samak, sabuni → saabuun, sukari → sukkar. Halafu ile ya katikati: wakati → waqt, bahari → bahr, shughuli → shughl, alfajiri → al-fajr.

Maneno ya kuunganisha yamebaki karibu kama yalivyo: qabl (kabla), ba'd (baada), illa (ila), laakin (lakini), mumkin (inawezekana, yumkini), laazim (lazima), marra (mara). Kwa haya matano tu unaweza kujieleza vizuri: mumkin, laazim, qabl, ba'd na marra thaaniya, yaani mara ya pili, rudia tena.

Jikoni Ghuba nako kuna vitu utakavyovitambua kwa sikio: hayl (hiliki), bizaar (bizari, mchanganyiko wa viungo), daarsiin (mdalasini), filfil (pilipili), thuum (kitunguu thomu), 'asal (asali). Na dirisha huko ni diriisha. Sisi na wao tumelitoa kwa Waajemi.

Hatua ya 4: Yachomoe yaliyobadilika maana

Haya yaandikwe kwa wino mwekundu.

Tafaddal. Sisi tunasema tafadhali tunapoomba. Mwarabu husema tafaddal (kwa mwanamke tafaddali) anapokupa: ingia, kaa, chukua, kula, tangulia. Ukimwambia mwenye duka "tafaddal" ukitaka maji, atasubiri umpe kitu. Kuomba ni law samaht kwa mwanamume, law samahti kwa mwanamke, au min fadlak na min fadlik.

Rakhiis. Ni rahisi wa bei tu. Kazi nyepesi au somo jepesi ni sahl. Ukisema mtu fulani ni rakhiis umemtukana.

Ghurfa ni chumba. Ghorofa ya jengo ni taabiq au door. Ukiambiwa usafishe ghurfa usipande ngazi.

Maktab ni ofisi au meza ya kazi. Maktaba ni maktaba kweli, na pia duka la vitabu na daftari. Hukuuma ni serikali, wala si hukumu. Mustashfa hukuumi ni hospitali ya serikali. Barua ya kuandikiana ni risaala. Mshahara ni raatib, ingawa neno letu limetokana na shahr, mwezi. Likizo ni ijaaza, ilhali rukhsa siku hizi mara nyingi ni leseni au kibali cha karatasi.

Jiiraan ni majirani. Mmoja ni jaar. Sisi tulichukua wingi tukaufanya umoja, kama tulivyofanya kwa malaika.

Dukani angalia pakiti: haliib ni maziwa freshi, laban huko Ghuba ni maziwa ya mtindi ya kunywa. Chai ya maziwa ikikatika kwenye sufuria, mara nyingi sababu ni hiyo. Na 'aysh, ambalo Mmisri akilitamka anataka mkate, Ghuba ni wali.

Hatua ya 5: Salamu, na kosa la jinsia

As-salaamu 'alaykum na jibu lake havihitaji maelezo. Asubuhi sabaah al-khayr, hujibiwa sabaah an-nuur. Jioni masaa' al-khayr, jibu masaa' an-nuur. Hali: kayf haalak kwa mwanamume, kayf haalik kwa mwanamke. Omani mwanamke huambiwa pia kayf haalish, na Kuwait na Imarati utasikia shloonak kwa mwanamume na shloonich kwa mwanamke. Jibu moja linatosha kote: bi-khayr, al-hamdu lillaah. Asante ni shukran, na anayejibu husema 'afwan. Kuaga ni ma'a s-salaama.

Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "wewe", kwa hiyo kosa la kumwambia mama mwenye nyumba maneno ya kiume ndilo linalochelewa kutoka ulimini. Dawa yake ni kujifunza kila neno la kumwambia mtu kwa jozi, kamwe si peke yake: ta'aal, ta'aali (njoo), ruuh, ruuhi (nenda), jiib, jiibi (lete). Ile -i ya mwisho ndiyo mwanamke. Ukiwa dada wa kazi za ndani, amri zote utakazopewa zitakuwa na -i hiyo, lakini wewe ukimjibu kijana wa kiume unaiacha. Anayenakili anachosikia bila kugeuza huishia kumsemesha mwanamume kama mwanamke.

Utasikia pia Kiarabu cha wafanyakazi wa kigeni, kama ana maa fii ma'luum kwa maana ya "sijui". Kielewe, usikiige. Sijui ni maa a'rif, sikuelewa ni maa fahimt, polepole ni shway shway.

Hatua ya 6: Namba na pesa

Waahid, ithnayn, thalaatha, arba'a, khamsa, sitta, sab'a, thamaaniya, tis'a, 'ashara. Tatu kati ya hizo ni zetu kabisa: sita, saba, tisa. Makumi yote ni yetu: 'ishriin, thalaathiin, arba'iin, khamsiin, sittiin, sab'iin, thamaaniin, tis'iin. Mia ni miyya, elfu ni alf.

Mambo matatu huharibu hesabu.

La kwanza, mamoja hutangulia makumi: 25 ni khamsa wa 'ishriin, tano na ishirini. Mtu akikusomea namba ya simu au bei, usianze kuandika kabla hujasikia makumi, la sivyo 25 itakuwa 52.

La pili, viwili havihesabiwi, vinaongezewa -ayn mwishoni: riyaalayn ni riali mbili, mitayn ni 200, alfayn ni 2,000. Asiyejua hili husikia "alf" akalipa nusu.

La tatu ni maandishi: ٠ ١ ٢ ٣ ٤ ٥ ٦ ٧ ٨ ٩. Nukta ni sifuri. Duara ni tano, na ndilo linalowapoteza wengi. Ile inayofanana na 7 yetu ni sita (٦), saba ni ٧, na nane (٨) ni hiyo saba iliyogeuzwa kichwa chini. Ingawa herufi huandikwa kutoka kulia, namba husomwa kutoka kushoto kama zetu.

Bei: bikam? (bei gani), ghaali (ghali), rakhiis (bei nafuu), fuluus (pesa), khurda (chenji). Riali ya Omani ina baisa 1,000, na dinari ya Kuwait ina fils 1,000, wakati dirhamu ya Imarati ina fils 100 na riali ya Saudia halala 100. Kwa hiyo ukiambiwa khams miyya kwenye duka la Maskati, ni baisa 500, nusu riali. Usitoe mamia ya riali.

Hatua ya 7: Saa na siku

Hakuna mahali msemaji wa Kiswahili anapoumia zaidi ya hapa, kwa sababu maneno anayajua na hesabu inamsaliti.

Saa ya Waarabu wa leo huanzia usiku wa manane na adhuhuri, kama inavyoonekana kwenye simu. As-saa'a sab'a asubuhi ni saa yetu moja. Ukisikia sab'a ukaelewa saa saba mchana, umechelewa kazini kwa saa sita. Kanuni: namba ikiwa zaidi ya sita, toa sita, ikiwa sita au chini yake, ongeza sita. 'Ashara ni saa nne, thalaatha ni saa tisa, sitta ni saa kumi na mbili. Wa nuss ni na nusu, wa rub' na robo, illa rub' kasorobo: as-saa'a khamsa illa rub' ni saa kumi na moja kasorobo.

Mpaka kanuni hiyo ikae, kimbilia nyakati za sala, ambazo hazina utata: ba'd al-fajr, qabl adh-dhuhr, ba'd al-'asr, ba'd al-maghrib. Wenyeji wenyewe hupangia miadi hivyo.

Siku nazo. Sisi tumeanza kuhesabu Jumamosi, wao wanaanza Jumapili. Al-ahad (ya kwanza) ni Jumapili, al-ithnayn (ya pili) ni Jumatatu, ath-thulaathaa' (ya tatu) ni Jumanne, al-arbi'aa' (ya nne) ni Jumatano. Alhamisi na Ijumaa ni zilezile, na as-sabt ni Jumamosi. Mtego wenyewe ni Jumatatu: tatu yetu inakuvuta kwenye thulaathaa', ambayo ni siku ya pili yake. Ukipewa miadi ya hospitali kwa mdomo, omba tarehe pia: kam at-taariikh?

Mapumziko ya wiki Omani, Saudia, Kuwait, Qatar na Bahrain ni Ijumaa na Jumamosi. Imarati ilihamia Jumamosi na Jumapili mwaka 2022, na ofisi nyingi za serikali Ijumaa hufanya kazi nusu siku. Leo ni al-yawm, kesho bukra, jana ams, sasa al-hiin, baadaye ba'dayn.

Hatua ya 8: Nyumbani na kazini

Kabla ya majina ya vitu, shika maneno mawili yanayofanya kazi ya sentensi nzima: fii (kipo, kuna) na maa fii (hakuna). Fii khubz? Maa fii. Kisha 'indi (ninacho) na maa 'indi (sina). Maswali: wayn (wapi), laysh (kwa nini), kam (ngapi), mita (lini), aysh au shuu (nini).

Amri za nyumba, kwa umbo la kike: nazzfi (safisha, kumbuka unadhifu), ghassli (osha, fua), shiili (ondoa, beba), sawwi (fanya, tengeneza), sakkri (funga), iftahi (fungua). Katazo ni laa mbele, na kitenzi hupata t-: laa tsakkri (usifunge). Khalaas ni imetosha au imekwisha, na bass ni basi, hiyo tu.

Vitu: matbakh (jiko), thallaaja (friji), ghassaala (mashine ya kufulia), mukayyif (kiyoyozi), miftaah (ufunguo), sahn (sahani), sikkiin (kisu), jidr (sufuria kubwa). Bandika karatasi yenye jina kwa herufi za Kiarabu kwenye kila kimoja, na usiibandue mpaka uwe umelitamka neno hilo ndani ya sentensi: al-miftaah wayn?

Rangi na wanyama viache kwanza. Wiki ya kwanza hakuna atakayekuuliza tembo anaitwaje.

Kwenye teksi: yamiin (kulia, yamini), yasaar (kushoto), siida (moja kwa moja), waqqif hina (simama hapa).

Hatua ya 9: Karatasi, hospitali, polisi

Jawaaz ni pasipoti, 'aqd mkataba, bitaaqa kitambulisho, iqaama kibali cha ukaazi, kafiil mdhamini, tadhkira tiketi, sifaara ubalozi, shurta polisi. Sentensi mbili zikaririwe mpaka zitoke usingizini: abgha nuskha min al-'aqd (nataka nakala ya mkataba) na wayn jawaazi? (pasipoti yangu iko wapi).

Ukiumwa, muundo mmoja unatosha: 'indi alam fi, kisha sehemu ya mwili. Ar-raas kichwa, al-batn tumbo, adh-dhahr mgongo, as-sadr kifua. Duka la dawa ni saydaliyya. Nisaidie ni saa'idni, na kwa mwanamke saa'idiini.

Hatua ya 10: Mabango na ujumbe wa simu

Maneno manane ya mlangoni: مدخل madkhal (kuingilia), مخرج makhraj (kutokea), ادفع idfa' (sukuma), اسحب is-hab (vuta), رجال rijaal (wanaume), نساء nisaa' (wanawake), ممنوع mamnuu' (marufuku), خطر khatar (hatari).

Kwenye simu, Waarabu wengi huandika kwa herufi za Kilatini na kujazia namba: 3 ni 'ain, 7 ni ح, 2 ni hamza (ء, mkato mfupi wa koo), 5 ni kh, 6 ni t nzito, na Ghuba 9 ni s nzito. Ujumbe ukisema "ta3ali al7een", soma ta'aali al-hiin: njoo sasa hivi, na anaambiwa mwanamke. "9aboon" ni sabuni, na "ma6ar" yenye a moja iweke kwenye sentensi kwanza kabla hujaamua kama inanyesha au kuna wa kupokewa uwanja wa ndege, kwa sababu wengi hawahangaiki kuandika aa mbili.